Ukimya Usiokatwa

Mwalimu Jumlisha aliusoma ubeti wa mume anayelia langoni kama mtu anayeita majina ya wanafunzi waliofeli.

"Fungua nikutazame, japo kwa tundu la ufa," alisema, akakohoa, akaendelea, "moyo wangu usizame, kwa hofu ya kuwa wafa. Nimemaliza."

"Hilo 'nimemaliza' halimo kwenye shairi, Mwalimu," Fundi alisema kwa upole kutoka kwenye kona yake.

"Najua halimo. Nilikuwa nakujulisha."

Fundi akabonyeza kitufe, taa nyekundu ya kinasa sauti ikazimika. Hakucheka, ingawa mashavu yake yalikuwa yanampa kazi. Upande wa pili wa maikrofoni, mwalimu wa fasihi alikuwa ameinamia karatasi yake, amejiuma mdomo asije akaangua kicheko mbele ya mwenzake. Kisha macho yake yakapanda bila ruhusa yake, yakakutana na ya Fundi, na kicheko kikaishia palepale. Kilichobaki kilikuwa kizito zaidi ya kicheko, na hakikuwa na pa kwenda, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya mlango, mkoba magotini, anawatazama wote watatu.

"Tena," Mama alisema. "Hatukuja kukaa."

Ilikuwa Jumamosi mchana, shule imenyamaza, na stoo ile ilikuwa na joto la kutosha kuivisha mkate. Madawati mabovu yalikuwa yamesukumwa ukutani. Mablanketi ya bweni yalining'inizwa kila upande ili kuua mwangwi, na nyuma ya mlango kulisimamishwa godoro lililokwisha kulaliwa na vizazi. Humo ndimo Fundi na mwalimu wa fasihi walimokuwa wakitengeneza somo lao la simu muhula mzima, na ukitaka kujua ni nini hasa kilichotengenezwa humo, basi lilitengenezwa somo, na kingine kikajitengeneza chenyewe.

Somo lilihusu majibizano ya langoni. Zamani za kale mji mmoja uliingiliwa na ugonjwa, wakubwa wakafunga malango yote, asiingie mtu wala asitoke. Mshona viatu mmoja aliyekuwa safarini akarudi akakuta lango limekomewa, mkewe yumo ndani na watoto. Wakazungumza kwa mashairi kupitia nyufa za mbao, yeye akibembeleza afunguliwe, mke akikataa, na mtu ambaye jina lake halijulikani akayaandika. Kwa miaka mingi wanafunzi waliyakariri mashairi hayo kwa ajili ya mtihani, wakayasahau kabla wino haujakauka. Mwalimu wa fasihi mwenyewe alikuwa akiyafundisha huku akiona vichwa vya nyuma vikilala kimoja baada ya kingine, na moyo wake ukiuma, maana yeye aliyapenda.

Fundi alikuja akayaweka kwenye simu. Ukigusa picha ya lango, unasikia bawaba zikilalamika. Bawaba hizo ni za geti la shule yenyewe, alizozirekodi alfajiri mlinzi akimwangalia kama mwendawazimu. Ukigusa neno la zamani, linajieleza. Ukigusa ramani ya mji, unaona ugonjwa ulivyopita mtaa kwa mtaa hadi nyumba ya mwanamke yule ikabaki kama kisiwa. Halafu unawasikia wawili hao, mume nje, mke ndani.

Somo lilipojaribiwa darasani, msichana mmoja aliyejulikana kwa kusinzia tangu kipindi kinaanza hadi kinakwisha alimfuata Mwalimu hadi ofisini, amekunja uso.

"Mwalimu, kwa nini hakumfungulia? Angefungua kidogo tu, amwone!"

"Na watoto je?" mwenzake aliyemfuata nyuma akadakia. "Wewe ungewaua watoto kwa sababu ya mwanamume?"

Walibishana hadi kengele ikalia, wakaendelea kubishana njiani kuelekea darasa jingine. Mwalimu aliingia chooni akajifungia, akalia kwa furaha, akanawa uso, akaenda kumwambia Fundi. Ndiyo siku ambayo Fundi alimshika mkono kwa mara ya kwanza, akausahau mkononi mwake.

Tatizo lilikuwa sauti. Watengenezaji wengi wa masomo hurekodi kila sauti peke yake, kisha huziunga kwenye kompyuta, na Fundi naye alitaka hivyo. Mwalimu alikataa katakata. "Siwezi kuujibu ukuta," alisema siku ile. "Nataka mtu aniambie, ndipo nimjibu." Mwigizaji aliyetarajiwa hakutokea, kwa hiyo Fundi mwenyewe akasimama mbele ya maikrofoni, akaomba kufunguliwa. Akaomba vizuri mno. Sauti ya mume ikawa ni yake.

Na somo la majaribio likaingia kwenye simu za wanafunzi, na mmoja wa wanafunzi hao alikuwa binti wa jirani, aliyekuwa akiosha vyombo uani huku simu ikiimba dirishani, wakati Mama alipokuwa akipita na ndoo yake.

Mama alikuwa mkunga kabla ya kustaafu. Wanawake wa mtaa mzima walijifungulia mikononi mwake, na alikuwa na sikio ambalo halikudanganywa na mtu: kwa kusikia pumzi tu alijua nani ana uchungu wa kweli na nani ana woga. Aliitua ndoo. Akasikiliza hadi mwisho.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Si Mwalimu, Bibi? Binti yako!"

"Binti yangu nimemjua. Nauliza huyo mwanamume."

Jioni hiyo nyumbani hapakukalika. "Sauti ile haiigizi," Mama alimwambia binti yake. "Usiniambie ni shairi, usiniambie ni kazi. Mimi nimesikiliza pumzi za watu maisha yangu yote." Mwalimu hakubisha, na kule kutobisha ndiko kulikomtisha Mama zaidi. Asubuhi yake alikwenda kwa kaka yake, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na Mjomba akaenda kwa mkuu wa shule. Wakakubaliana bila makelele: somo ni zuri, liendelee, ila sauti ya mume ibadilishwe, isije ikaleta maneno. Mwalimu wa hesabu, mtu mzima mwenye mke na watoto na heshima zake, akaombwa kuusoma ubeti wa mume. Wanafunzi walimwita Mwalimu Jumlisha kwa sababu hakuweza kumaliza mazungumzo yoyote bila kusema "ukijumlisha yote."

Kwa hiyo leo ndiyo leo. Kurekodi kukikamilika, kazi ya Fundi pale imekwisha. Shule nyingine ya mji wa mbali ilikuwa inamngoja, na Jumatatu angepanda basi. Alikuwa amemuuliza Mwalimu swali moja tu, siku chache nyuma, wakikunja nyaya: "Nikae?" Mwalimu alikuwa amemwangalia mpaka machozi yakamjaa, kisha akaokota mkoba wake akaondoka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Hadi leo hakuwa amesema.

"Tuko tayari," Fundi alisema, taa nyekundu ikawaka.

Mwalimu Jumlisha akasoma. Safari hii aliongeza hisia, yaani aliongeza sauti. Mwalimu wa fasihi akavuta pumzi na kujibu:

"Sifungui bwana wangu, si kwamba sikutamani. Nawalinda wana wangu, walolala humu..." Akasita. "Samahani. Tuanze tena."

Wakaanza tena. Akaharakisha. Wakarudia. Akasoma kila neno mahali pake, hakukosea hata herufi, na alipomaliza Fundi alikaa na vipokea sauti masikioni, akiichunguza meza.

"Vipi?" Mwalimu Jumlisha aliuliza. "Si imekwenda sawa?"

"Imekwenda," Fundi alisema. Hakuwa mwepesi wa maneno. Mtu aliyeshinda kutwa akisafisha sauti za wengine, yake mwenyewe ilimtoka kwa kusitasita. "Maneno yote yamo. Ila... mke anasoma tu. Hamjibu mtu."

"Unakosea makusudi," Mama alisema kutoka kwenye benchi.

Mwalimu aligeuka. "Mama?"

"Wewe unamsikia huyu bwana wa watu anatoka jasho, na unakosea makusudi ili kazi isiishe. Mimi si mtoto."

"Sikosei makusudi. Najitahidi, Mama. Wallahi najitahidi."

"Basi jitahidi zaidi."

Mwalimu Jumlisha alimtazama Mama, akamtazama Mwalimu, akamtazama Fundi aliyekuwa ghafla na shughuli nyingi na waya usio na tatizo. Alikuwa mtu wa namba, lakini hakuwa mjinga. "Koo limenikauka," alitangaza. "Nakwenda kunywa maji. Na ukijumlisha na joto hili, huenda nikachelewa kurudi." Akalisukuma godoro, akatoka.

Stoo ikabaki na watu watatu na mashine. Nje palisikika mpira ukidundishwa na wanafunzi wa bweni, mbali, upande wa uwanjani.

"Kijana," Mama alisema.

"Naam, Mama."

"Sogea hapa nikuone. Tangu nifike umejificha nyuma ya hiyo kompyuta kama mtu anayedaiwa."

Fundi alivua vipokea sauti, akaja akasimama mbele ya benchi. Alikuwa mrefu, na hakujua pa kuiweka mikono yake. Mwishowe akachuchumaa, ili uso wake usiwe juu ya uso wa mtu mzima. Mama aliliona hilo, akajifanya hakuliona.

"Una umri gani?"

Fundi akasema.

"Kwa hiyo binti yangu amekutangulia miaka sita."

"Najua, Mama."

"Unajua leo. Utajua tena atakapoanza kuwa na mvi na wewe bado wasichana wanakugeukia njiani? Au siku hiyo utakuwa umesahau?"

"Mvi ameshaanza kuwa nazo," Fundi alisema. "Hapa." Akagusa upande wa kichwa chake mwenyewe, nyuma kidogo ya sikio. "Anazifunika na kitambaa. Zinampendeza."

Mwalimu alihisi joto likipanda shingoni. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kitambaa. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na papo hapo alitamani isimmeze, asikie atakachosema tena.

"Maneno matamu," Mama alisema, na sauti yake ikawa ngumu. "Maneno matamu tumeyazoea. Unajua kwamba huyu aliwahi kuolewa?"

"Aliniambia."

"Alikuambia nini? Alikuambia kwamba mwanamume yule naye alikuwa na maneno? Alikuja nyumbani kwangu, akaongea, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Mimi mwenyewe nilisema, mwanangu amepata. Mimi! Kwa mdomo wangu huu." Mama aliukamata mkoba kwa nguvu. "Halafu nikampokea binti yangu mlangoni na sanduku lake. Alikuwa mkavu kama kuni. Mwaka mzima hakushika kitabu, mtoto ambaye nilikuwa namnyang'anya vitabu ili ale. Nilimlisha kwa kijiko, mtu mzima na shahada yake. Nilimwokota mimi, kijana, si mwingine. Na sasa nimezeeka. Nikiinama kuokota kijiko kilichoanguka, kiuno kinagoma. Akianguka tena, nani atamwokota?"

Mwalimu alikuwa amekaza macho kwenye karatasi yake na maandishi yalikuwa yanacheza. Kwa muda wote ule alikuwa amedhani mama yake anaona haya kwa sababu ya majirani. Hakujua kwamba alikuwa akiogopa.

"Nijibu jambo moja," Mama alisema. "Nijibu ukweli, maana nitakujua. Kwenye lile somo la kwanza, kabla binti yangu hajasema yale maneno ya mwisho, ya kwamba mume aende, kuna mahali pamekaa kimya. Pamekaa kimya mpaka nilidhani simu imezima. Binti wa jirani aliniambia ni kosa la mtambo. Ni kosa?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Ni kosa, lakini si la mtambo. Ni langu."

"Eleza."

"Programu ninayotumia inakata ukimya yenyewe. Ndivyo ilivyopangwa, ili somo lisiwe refu na wanafunzi wasichoke. Mtu akinyamaza kidogo tu, inakata, inaunga maneno na maneno. Kila mahali imekata. Pale..." Akasita. Mama hakumsaidia. "Pale niliizima. Nilitaka kuirudisha baadaye, nikashindwa. Nikapeleka somo shuleni hivyohivyo."

"Kwa nini uliizima?"

"Kwa sababu hakuwa amenyamaza tu, Mama. Alikuwa anatafuta namna ya kusema. Ukisikiliza vizuri unasikia pumzi inaingia, inasimama, inarudi, inaingia tena. Anaogopa, na anasema hivyohivyo. Niliona kuikata si haki. Ni yake. Nikikata pale, atasikika kama mtu ambaye neno hilo lilikuwa jepesi kwake."

Mama alimtazama kijana yule aliyechuchumaa mbele yake kwa muda mrefu, kwa macho yale yale aliyowatazama nayo watoto wachanga waliochelewa kulia. Kisha akafungua mkoba, akatoa leso, hakuitumia, akaikunja.

"Yule wa kwanza," alisema polepole, akimwambia binti yake sasa, "alikuwa anakumalizia sentensi. Unakumbuka? Ukianza kusema, yeye anamaliza. Sisi tulidhani ni mapenzi, kwamba anaujua moyo wako. Mezani ulikuwa hupati hata nafasi ya kukohoa."

"Nakumbuka, Mama."

"Mpaka ukaacha kuanza."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Aliweka karatasi chini, juu ya dawati bovu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mikono yake ilikuwa mitupu.

"Mama," alisema, "unamuuliza yeye maswali yote. Niulize na mimi."

"Wewe nikuulize nini? Wewe umeshasema. Umesema mbele ya shule nzima, kila mtoto anakutembeza mfukoni."

"Sikusema. Yule alikuwa mwanamke wa langoni. Mimi sijasema." Alisogea, akaketi kwenye benchi karibu na mama yake, bega kwa bega kama walivyozoea kukaa jikoni. Fundi alianza kuinuka ili awapishe, naye akamzuia. "Kaa. Na wewe unahusika."

Fundi akakaa, safari hii sakafuni kabisa.

"Nampenda, Mama," Mwalimu alisema. Lilipomtoka alishangaa lilivyokuwa fupi. "Nimejaribu kutompenda. Nimejihesabia miaka, nimejihesabia watu watakavyosema, nimejikumbusha kila kitu kilichonipata. Ninajikumbusha nikiwa njiani kuja shuleni, nikifika hapa mlangoni nakuta nimesahau. Akiwa katika chumba hiki mimi nasema ninachofikiri. Hata ujinga nausema. Ananisikiliza mpaka mwisho, halafu ananyamaza kidogo, halafu ndipo anasema na yeye. Sijui kama hilo ni kubwa. Kwangu ni kubwa."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka nimeanguka. Sitaki uniokote, Mama. Umechoka, na mimi ni mtu mzima. Nataka ukae karibu tu, nikiinuka nikuone."

Mama aligeuza uso upande wa blanketi. Mabega yake yalitikisika mara moja tu, na Mwalimu akayazungushia mkono. Walikaa hivyo. Fundi aliangalia sakafu, kwa adabu, lakini machozi yake hayakuwa na adabu. Yalikuwa yanashuka na kuingia kwenye ndevu, na alikuwa ameacha kuyafuta.

"Na wewe," Mwalimu alimwambia Fundi. "Uliniuliza kitu tulipokuwa tunakunja nyaya."

Fundi aliinua uso.

"Usiende."

Ni neno moja tu, na alikuwa amelibeba siku zote hizo kama mtu aliyebeba maji mikononi. Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena. Ilionekana wazi kwamba alikuwa na mengi, na hakuna hata moja lililokuwa tayari.

"Sitaenda," alisema mwishowe. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa kazi zake, akaongeza, "Itabidi niwapigie wale wa shule nyingine. Masomo yao naweza kuyatengenezea hapahapa. Ni simu tu, hata nikiwa hapa..." Akatambua kwamba hakuna aliyemuuliza, akanyamaza, akatabasamu kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Mlango ulisukumwa, godoro likaegama, na kichwa cha Mwalimu Jumlisha kikachungulia. Alikuwa na chupa ya maji ambayo haikuwa imefunguliwa.

"Nimerudi mapema?"

"Umerudi vizuri," Mama alisema. Alikuwa ameshafuta uso na kukaa wima, na sauti yake ilikuwa ile ile iliyozoea kuamrisha wodi nzima ya wazazi. "Mwalimu, nakushukuru sana kwa msaada wako. Una sauti nzuri, ya kueleweka, darasani lazima watoto wanaisikia hadi nyuma. Lakini mume huyu wako, samahani, mimi ningekuwa mke wake nisingefungua, hata kusingekuwa na ugonjwa."

Mwalimu Jumlisha alifikiri. Kisha akaanza kucheka, mwili mzima, mpaka chupa ikamponyoka. "Mama, hata mke wangu nyumbani angekuunga mkono. Ukijumlisha yote, nimepata mapumziko ya Jumamosi." Akatoka akicheka, na kicheko chake kikasikika ukumbini hadi kilipokwisha.

"Kaka yangu nitazungumza naye mimi," Mama alisema. "Lile la kwanza libaki kama lilivyo. Watoto wameshalipenda, tusiwaharibie." Aliwatazama wote wawili. "Lakini hamjanisikia nikisema kwamba nimekubali."

"Hapana, Mama," Fundi alisema upesi, akiinuka na kujipangusa vumbi.

"Nimesema lile somo libaki. Somo."

"Ndiyo, Mama."

"Mama yako yu hai?"

Swali lilimkuta hayuko tayari. "Yupo, Mama. Yupo nyumbani. Ni mzima."

"Anajua habari za binti yangu?"

Fundi alisita, na safari hii hapakuwa na mashine ya kumsitiri. "Anajua kuna mtu. Hajui ni nani. Nilisubiri Mwalimu anijibu kwanza. Sikutaka kumpa mama yangu furaha ambayo huenda ningeichukua tena."

Mama alimtazama, na kitu kilichokuwa kimekazika usoni mwake tangu asubuhi kikalegea taratibu. Akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Simu si unayo hapo mfukoni? Unawasomesha watoto wa watu na hiyo simu, unawasikilizisha waliokufa zamani. Mpigie mama yako, yeye bado anasikia."

Fundi alibonyeza, vidole vikikosea, akarudia. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya benchi, mkono begani kwa mama yake, na aliweza kusikia mlio ukienda, ukienda, kisha sauti ya mwanamke mtu mzima ikijibu kwa wasiwasi wa mama anayepigiwa mchana.

Fundi akampa Mama simu. Mama aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye sikio, akaisogeza mbali kidogo, akakohoa. Halafu mkunga yule, aliyewahi kuwaamrisha madaktari, akakosa la kuanzia. Alinyamaza. Upande wa pili nao ukanyamaza, ukingoja.

Hakuna aliyemharakisha.

"Mama mwenzangu," alisema mwishowe, na sauti ikamkatika katikati. "Usishtuke, mwanao mzima, yuko hapa mbele yangu. Mimi ni mama wa yule mtu. Kaa chini, mwenzangu, tuzungumze habari za watoto wetu."

Fundi alikuwa amezunguka nyuma ya benchi; mkono wa Mwalimu uliobaki mtupu ukatafutwa, ukapatikana, ukashikwa.